Kumjua Babake Si Kumjua Yeye

"Huyu twamjua. Babake akisali safu moja na marehemu babangu, mamake ni wa Kuze, yeye mwenyewe tumemwona utotoni akirukia maji bandari ya kale. Wachunguza nini tena?"

Haya niliyasikia yakisemwa kuhusu mwakilishi wetu wa wadi, kibarazani Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Mzee aliyeyasema namheshimu sana, lakini imani hiyo ndiyo inayotuponza.

"Sawa, mzee wangu," nikamwambia. "Ameketi bunge la kaunti miaka mitano. Siku ya bajeti alisema nini?" Akageukia wenzake. Hakuna aliyejua. Walichokumbuka ni mchango wake kwenye arusi mbili na matanga ya jirani.

Mwakilishi wa wadi hakutumwa kuchangia matanga. Katiba ya 2010 imempa kazi ya kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kumsimamia gavana, na hapo nasaba haisemi kitu. Zinazosema ni karatasi. Kumbukumbu za mijadala zipo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua serikali ya kaunti kila mwaka, na bunge la kaunti pia. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka: kiasi gani kimekwenda kwenye maendeleo, kiasi gani kimeishia kwenye safari na posho. Usichokipata, andika barua. Sheria ya haki ya kupata habari ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21.

Nasaba hiyo hiyo hutupotosha hata kwenye simu. Mwaka 2022 kura ya ugavana Mombasa iliahirishwa kutoka 9 Agosti kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa zikiwa na makosa, hatimaye ikapigwa 29 Agosti. Tume ya uchaguzi ilieleza makosa hayo hadharani. Lakini simu yangu ilijaa sauti za njama hii na ile, tukaziamini kwa kuwa mtumaji ni binamu. Binamu naye kaambiwa na nani?

Kweli, ripoti za ukaguzi na za bajeti zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, na hiyo ni dhuluma kwa mlipa kodi. Lakini nyumba gani Mji wa Kale haina kijana aliyemaliza kidato cha nne? Baraza limlete, asome ukurasa kwa ukurasa, wazee waulize. Kuuliza wanakujua kuliko mtu yeyote.

Mzee wangu alinyamaza, akamaliza kahawa, kisha akaniuliza ripoti ya ukaguzi yapatikana wapi. Nimemchapishia kurasa nane za mwanzo. Twaanza Ijumaa baada ya Alasiri, kibaraza kile kile.