Viti vya Ukumbi: Tuulize Kwanza Nani Atakaa

Naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili niseme juu ya jambo ambalo huenda wengine watalicheka, nalo ni viti.

Mtakumbuka ya kwamba katika mkutano wa wanafunzi wa zamani tulikubaliana kuchanga fedha ili ukumbi mpya upate viti. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulizuka tulipoulizana, viti gani? Wenzetu waliotutangulia, ambao nawaheshimu sana, walitaka viti kumi na viwili vya mvule, vya kuchongwa, vyenye migongo mirefu na mito ya mahameli, viwekwe jukwaani kwa ajili ya wageni. Na fedha zitakazobaki, kama zitabaki, zinunue mabenchi ya wanafunzi. Nilisimama nikapinga. Nikaambiwa ya kwamba sijui heshima. Siku ile nilikosa maneno ya kujibu. Sasa nimeyapata.

Nakiri kwanza ya kuwa wazo lao lina asili. Lugha yetu yenyewe yalisema: mkuu wa mkutano twamwita mwenyekiti, yaani yule mwenye kiti, na waliobaki je? Huko pwani, katika miji kama Lamu na Mombasa, nyumba za wakubwa zilikuwa na kiti cha enzi, kilichotiwa nakshi za pembe na kusukwa kwa kamba nyembamba, nacho kilikuwa cha mgeni wa heshima, si cha kila apitaye. Ulaya nako, kwa karne nyingi, kiti chenye mikono kilikuwa cha baba mwenye nyumba, na wengine walikalia mabenchi na vigoda. Kwa hiyo wenzangu walisema tu yale waliyosema mababu wa pande zote, kwamba kiti ni cheo. Nataka kuwaonyesha jinsi watu fulani walivyoliacha wazo hilo katika karne iliyopita, na mambo yaliyowaachisha.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nyumba ya Mwingereza mwenye nafasi ilijaa makabati mazito, meza za miguu minene, na viti vilivyojazwa singa za farasi. Vitu hivyo vilitaka watumishi wa kuvifuta vumbi na kuving'arisha. Kisha watumishi wakapungua, maana wasichana walipata kazi viwandani na maofisini, na nyumba nyingi zilizojengwa mijini zikawa ndogo. Familia ikikaa katika vyumba viwili au vitatu, kabati la babu halipiti hata mlangoni.

Mjini Frankfurt, Ujerumani, kati ya miaka ya 1925 na 1930, msanifu Ernst May alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba kwa watu wa mapato madogo. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alichora chumba cha kupikia cha nyumba hizo, chenye makabati yaliyojengwa ukutani, akahesabu hata hatua za mama apikaye ili asizunguke bure. Vyumba kama hivyo vipatavyo 10,000 vilijengwa. Msidhani Frankfurt ni mbali na sisi. Huyo huyo Ernst May alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1934, akakaa karibu miaka ishirini, akachora mpango wa kupanua mji wa Kampala, na jengo la Makumbusho ya Uganda lililofunguliwa mwaka 1954 ni kazi yake. Mliokwenda pale pamoja na walimu wenu mmetembea katika vyumba alivyovichora yeye.

Vita vya Pili vilizidisha haja. Uingereza mbao ziliadimika, kwa kuwa meli zilitakiwa kwa mizigo ya vita, na huku nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu. Mwaka 1942 serikali ilianzisha mpango wa samani ulioitwa Utility. Mafundi walitakiwa kufuata michoro michache iliyokubaliwa, na mmoja wa walioisimamia michoro hiyo alikuwa Gordon Russell, mtu aliyekulia katika kazi ya useremala. Nakshi hazikuwapo, lakini viungo vilikuwa imara. Na waliopata vibali vya kununua walikuwa hasa maarusi wapya na wale waliopoteza nyumba zao kwa mabomu. Watu wengi walinung'unika kwamba samani zile ni kavu mno, na mpango ulikwisha mwaka 1952. Mimi nasema swali lao lilikuwa jema kuliko letu siku ile ya mkutano. Wao waliuliza, nani hana pa kukaa? Sisi tuliuliza, nani ni mkubwa?

Wanaopenda mambo ya ushirika nawapa mfano wa Denmark. Chama kikubwa cha ushirika cha huko, FDB, kilimweka seremala na mchoraji Børge Mogensen mwaka 1942 kuongoza idara yake ya kuchora samani. Mwaka 1947 akatoa kiti kilichopewa namba J39: miguu ya mbao iliyokerezwa, mgongo wa ubao mmoja uliopinda kidogo, na mahali pa kukalia pamesukwa kwa kamba za karatasi. Wadenmark walikiita kiti cha watu. Ukikitazama huoni kitu cha kuondoa. Nimesoma hotuba nyingi juu ya usawa ambazo hazinenwi vizuri kama kiti hicho.

Sasa nije kwenye vitu vipya, maana hapa ndipo watu hukosea. Husemwa ya kwamba plaiwudi, faibaglasi na plastiki ndivyo vilivyobadilisha samani. Si kweli yote. Vitu vilikuja kwa sababu ya haja nyingine kabisa, kisha wakatokea watu waliojiuliza nani atakaa, wakavichukua.

Tazameni plaiwudi. Ni mbao zilizobanduliwa nyembamba kama gome, zikabandikwa kwa gundi moja juu ya nyingine, nyuzi zake zikipishana. Jambo hilo lilikuwa la zamani. Lililokuwa gumu ni kuupinda ubao huo pande mbili kwa pamoja, kama bakuli, usipasuke. Huko Los Angeles, Marekani, mtu na mkewe, Charles na Ray Eames, walijaribu kazi hiyo ndani ya nyumba yao ya kupanga. Walijitengenezea mashine wakaiita Kazam, yenye kalibu ya plasta na mfuko wa mpira uliojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli ili uukandamize ubao. Jambo hilo lanifurahisha kila nilikumbukapo, kwa kuwa pampu ya baiskeli hata sisi tunayo.

Kazi yao kubwa ya kwanza haikuwa kiti. Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa na vyuma vya kufungia miguu iliyovunjika, navyo vilitikisika majeruhi alipobebwa, vikamzidishia maumivu. Eames na mkewe wakatengeneza kifaa cha plaiwudi kilichofuata umbo la mguu wa mtu. Vilitengenezwa vipatavyo 150,000 kabla vita havijaisha. Ujuzi ule ule ukazaa viti vyao vya plaiwudi vya mwaka 1946, ambavyo havina mto hata mmoja, lakini mwili hutulia, kwa kuwa ubao umepinda panapopinda mgongo. Mkono uliojifunza kwa mguu wa majeruhi ukaja kumkalisha mzima.

Hali kadhalika faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ya plastiki. Wakati wa vita ilitumika katika mambo ya ndege na rada. Mwaka 1948 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilitangaza mashindano ya mataifa yote ya kubuni samani za bei nafuu, kwa sababu askari walikuwa wamerudi, wameoa, na hawakuwa na samani. Eames wakashiriki, na mwaka 1950 kiti chao cha faibaglasi kikaanza kuuzwa: mgongo, mikono na mahali pa kukalia vyote kipande kimoja.

Lakini mtu nimpendaye kuliko wote ni Robin Day. Alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa High Wycombe, Uingereza, mji wa maseremala wa viti, kwa hiyo hakuna awezaye kumwambia kwamba hajui mbao. Alianza kupata jina wakati nchi yake ilipokuwa ikibadilika. Mwaka 1947 watoto walianza kulazimishwa kukaa shuleni hadi miaka kumi na mitano. Mwaka 1948 matibabu ya serikali yakafunguliwa kwa wote. Madarasa, hospitali, kumbi za mitaa, vyote vilitaka viti kwa maelfu, vya kuoshwa kwa maji na kupangwa juu kwa juu sakafu ifagiliwe.

Mwaka 1954 Mtaliana Giulio Natta alikuwa ametengeneza plastiki mpya, polipropilini, iliyo nyepesi na isiyovunjika upesi, na mwaka 1963 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler. Mwaka ule ule wa 1963 Robin Day alitoa kiti chake cha polipropilini, kikitengenezwa na kampuni ya Hille. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu ya chuma, na punde kiti hutoka. Kalibu ni ghali mno, lakini viti vikiwa vingi gharama yake hugawanyika hadi kuwa ndogo. Miguu ni bomba la chuma lililokunjwa, limefungwa chini kwa skurubu. Kisha mwaka 1971 akatoa viti vya shule, vya vimo mbalimbali, kila kimoja na tundu mgongoni ili mtoto akishike na kukibeba mwenyewe. Hebu fikirini, mtu mashuhuri kama yule akae apime watoto wa vimo tofauti. Sisi tulikaa saa mbili tukijadili rangi ya mahameli.

Sitaki mnidhanie ya kuwa nasifu kila kipya. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti cha plastiki cha kipande kimoja, miguu na yote, ambacho mashine yaweza kukitoa kwa muda usiofika dakika mbili. Watoto na wajukuu wa kiti hicho ndivyo tuvionavyo leo katika kila arusi, kila msiba na kila mgahawa. Wengi hukidharau. Mimi sikidharau, kwa sababu ndicho kilichowakalisha akina mama zetu waliokuwa wakikaa mkekani huku wanaume wakikalia mbao. Lakini nakilaumu kwa jambo moja. Mguu wake ukipasuka hakuna fundi. Mmeviona vile vilivyoshonwa kwa waya kama kiatu. Baada ya mwezi hutupwa nyuma ya jiko, na mwisho huchomwa moto, na moshi wake wote twaujua. Kiti cha Robin Day mgongo ukiharibika wafungua skurubu, miguu yabaki. Tofauti hiyo ni ndogo kuiandika, lakini kwa shule ni fedha za kila mwaka.

Na tena, upo msiba wa namna nyingine. Viti vile vya Eames vilivyobuniwa kwa watu wa mshahara mdogo vimekuwa mapambo ya matajiri, na bei zake zatisha. Kitu cha wote kimegeuzwa tena kuwa kiti cha enzi. Nasi twafanya vivyo hivyo kwa njia yetu: kijana aoa, akopa, anunua makochi makubwa yanayojaza sebule hata mgeni hupita kiubavu, kisha yafunikwa vitambaa yasichafuke. Nani amekaa hapo?

Basi nirudi ukumbini. Nashauri hivi. Tusinunue viti vya enzi, wala tusinunue vile vya kipande kimoja. Mafundi wa kuchomelea wamejaa mjini na bomba la chuma wanalijua. Plaiwudi hutengenezwa hapa hapa Uganda. Skurubu na nati zauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Tufanye kiti cha miguu ya bomba, chenye ubao wa kukalia na wa mgongo unaofunguka, ili ukivunjika wanafunzi wenyewe waubadilishe katika karakana ya shule, ambayo siku hizi naona imefungwa kufuli. Vipangwe juu kwa juu. Mgeni akija, awe waziri au mzazi kutoka kijijini, akalie kiti kama cha mtoto aliyekuja kumsikiliza. Wakubwa zangu, msinielewe vibaya: mgeni tutampa heshima kwa kuwahi kumpokea na kwa kunyamaza asemapo.

Halmashauri yetu itakutana Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao. Nawaomba walimu wa hesabu, kabla ya siku hiyo, wawape wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha sita kamba za kupimia, wapimane toka kisigino hadi nyuma ya goti, na vipimo vyote viandikwe katika karatasi moja. Mimi nitakuja na viti viwili vya mfano, kifupi na kirefu. Fundi amekwisha anza kukunja mabomba, naye angojea vipimo.