Kiraka ni kidogo, mbona tununue nguo nzima?

Wasomaji wangu, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna waundaji programu wanaodhani wakishaandika "tumerekebisha hitilafu mbalimbali" kazi imeisha. Hitilafu gani? Ilikuwa inaharibu nini, kwenye mashine zipi? Hujibiwi. Wewe pakua tu. Na unachopakua si kiraka, ni faili ya ISO nzima kutoka mwanzo! Ubuntu ya kwanza, Oktoba 2004, ilitoshea kwenye CD moja. Ile ya 24.04 inakaribia GB 6. Hapa Kebirigo, GB 6 ni bando lililonunuliwa kwa pesa za majani chai, na mtandao ukikatika kwenye GB ya 5, mara nyingi unaanza upya.

Matokeo yake mnayajua. Fundi anakaa na flashi ileile miaka mitatu, na kila kompyuta inayoletwa anaisakinishia kutoka hapo.

Desemba 2017, ISO ya Ubuntu 17.10 iliondolewa kwenye ukurasa wa kupakua kwa sababu ilikuwa inavuruga BIOS za baadhi ya kompyuta, nyingi zikiwa za Lenovo. Iliyorekebishwa, 17.10.1, ikatoka Januari 2018. Vizuri. Lakini kuiondoa kwenye tovuti hakuiondoi kwenye flashi iliyo mfukoni mwa fundi. Tena Agosti 2024, sasisho la Windows lilianza kukataa vipakizi vya zamani vya Linux, na flashi nyingi za usakinishaji zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zikagoma kuwaka kwenye mashine zenye Secure Boot.

Najua atatokea mtu aniambie intaneti siku hizi ni rahisi. Rahisi kwa nani? (Canonical yenyewe ilikuwa ikitutumia CD za bure kwa posta, ikaacha mwaka 2011.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo. zsync hulinganisha ISO uliyo nayo na mpya, kisha hupakua vile vipande vilivyobadilika tu. Debian wana jigdo, inayounga ISO mpya kwa kutumia vifurushi ulivyo navyo tayari. Ni kweli, data ndani ya ISO ikibanwa kwa njia nyingine, vipande vya zamani havifanani tena na vipya na zsync haiokoi kitu. Basi hiyo ni kazi yenu mnaounda hizo ISO! Baneni data kwa njia ileile kila toleo. Wekeni faili ya zsync na SHA256 kando yake. Andikeni hitilafu kwa jina lake, na mashine zinazodhurika.

Nawe fundi, andika toleo na tarehe kwenye kila flashi. Isiyo na tarehe usiichomeke kwenye kompyuta ya shule.