Tuifuatilie Michango Yetu Tukiwa Bado Kazini

Ndugu wafanyakazi wa sekta binafsi, na ninyi mlioachishwa kazi mkabaki na bahasha ya kaki mkononi, haya yanatuhusu sote.

Mabadiliko ya sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalituondolea fao la kujitoa, tukapewa fao la kukosa ajira. Anayepoteza kazi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6, mradi amechangia miezi isiyopungua 18, hakuacha kazi kwa hiari yake na hajafikisha miaka 55. Aliyekuwa akilipwa shilingi 450,000 anapata kama 150,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni unga, ni kodi ya chumba, ni nauli ya kuzungusha barua za maombi. Zikija mwezi wa nane tangu kazi iishe, kitanda kimeshauzwa na watoto wamepelekwa kijijini kwa bibi yao. Fao la miezi sita linalofika baada ya miezi sita limekosa kazi yake.

Hasira zetu tumezoea kuzimalizia kwa karani wa dirishani pale NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii. Yeye naye ana ya kujibu, maana "njoo wiki ijayo" si jibu. Lakini mara nyingi ucheleweshaji ulianza miaka kabla hatujafika pale. Mwajiri alikata asilimia 10 kwenye mshahara, akatakiwa aongeze yake na kuiwasilisha NSSF ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Hakuiwasilisha. Hati ya mshahara inaonyesha makato, taarifa ya mfuko inaonyesha sifuri. Au jina: kwenye kitambulisho cha NIDA ni Mwanaisha, kwenye michango ni Mwanahisha, na kwa herufi moja faili linakwama. Mambo haya hurekebishika kirahisi kiwanda kikiwa wazi na ofisa utumishi yupo mezani. Geti likishafungwa na mwenye mali hapatikani, utamwandikia nani barua?

Kwa hiyo naomba tuanze hapo. Kila tawi la chama cha wafanyakazi, na pale pasipo na chama watu wachache wanaoaminika, liweke utaratibu kila baada ya miezi mitatu: kila mtu aje na hati zake za mshahara na taarifa yake ya michango, zilinganishwe. Mwezi uliokosekana uandikwe, na barua ya kuudai isainiwe na wote. Anayeuliza peke yake huitwa mkorofi na mkataba wake hauongezwi. Barua yenye saini za idara nzima ni vigumu kuitupa.

Kuna mtego mwingine. Siku ya kupunguza watu, baadhi ya waajiri huwaletea wafanyakazi karatasi iliyokwisha kuchapwa, inayosema "nimeamua kuacha kazi mwenyewe", wakiahidi kwamba malipo yatatoka haraka. Msiisaini. Saini hiyo ndiyo inayolifuta fao. Daini barua inayotaja sababu halisi, pamoja na cheti cha utumishi. Na anayetaka kupinga kuachishwa kwake akumbuke kwamba ana siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Asizimalize akisubiri fao.

Mkiachishwa kwa pamoja, nendeni NSSF pamoja. Tengenezeni orodha moja, chagueni wawakilishi wawili watatu, na kila hati iwe na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mkiambiwa msubiri, ombeni jibu hilo kwa maandishi, likitaja kinachokosekana na ni nani anayetakiwa kukileta. Wawakilishi wapeleke nakala kwa ofisa kazi wa mkoa na kwa mbunge.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao wasiishie kwenye fulana za Mei Mosi. Waitake mifuko itangaze hadharani fao hili litalipwa ndani ya siku ngapi tangu maombi yakamilike, na mwanachama aliyekatwa mshahara asiadhibiwe kwa michango ambayo mwajiri aliikalia. Kumfuatilia mwajiri mdaiwa ni kazi ya mfuko, wenye wanasheria na mamlaka ya kumfikisha mahakamani, si ya mama aliyepoteza kazi.

Wiki hii, kabla ya mshahara mwingine kuingia, chukueni taarifa zenu za michango. Mkikuta mwezi umeruka, mwambieni mwenzenu wa meza ya jirani, kisha muandike barua pamoja.