Mswada Kwanza, Kamera Baadaye

Si ajabu siku hizi kumkuta kijana wa Pasiansi, jijini Mwanza, ameshika simu yenye kamera na kutangaza kwamba anatengeneza sinema. Nia hiyo ni njema na yastahili kuungwa mkono. Lakini akiulizwa mswada uko wapi, aghalabu hujibu kwamba hadithi yote imo kichwani. Hapo ndipo kazi inapoharibika kabla haijaanza.

Kwa watu wa Mwanza jambo hili si la mzaha. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mwongozaji kutoka Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, ihusuyo biashara ya sangara, ambayo ilipigwa katika mji huo. Ilionyesha mapanki, yaani mifupa na vichwa vibakiavyo baada ya minofu kusafirishwa Ulaya, na ikadokeza kwamba ndege zilizochukua minofu zilileta silaha Afrika. Mwaka 2006 ilishindania tuzo ya Oscar, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani. Kemeo hilo lilieleweka. Hata hivyo, filamu hujibiwa kwa filamu, nayo haizaliwi bila mtu wa kukaa chini na kuandika.

Yafaa basi kijana anayeanza aelewe kwamba mswada wa sinema si riwaya. Mwandishi wa riwaya aweza kusema kuwa mama muuza mapanki ameelemewa na deni. Kamera haioni deni. Huiona mikono ya mama ikihesabu shilingi jioni na kuzigawa mafungu mawili, la mtaji na la chakula. Kisha hodi inapigwa, naye anayaficha yote mawili chini ya beseni. Mtazamaji ameshaelewa, wala hapana neno lililotamkwa. Huo ndio msingi wa kazi yote: liandikwe lile tu linaloonekana au kusikika.

Kila onyesho lianze kwa kutaja kama ni ndani au nje, ni mahali gani, ni mchana au usiku. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya sinema. Kurasa 10 zamtosha kabisa anayeanza.

Zaidi ya hayo, hapana budi mama yule atake kitu, na pawepo wa kumzuia. Akiwa mtu wa kuhurumiwa tu, atakuwa yule yule aliyekwisha kuonyeshwa na wageni. Pengine anataka beseni la pili ili binti yake naye auze. Mwenye kumdai asifanywe shetani. Huenda naye amekopa kwingine, na siku yake ya kulipa ni kesho.

Katika mazungumzo ndimo wengi wanamoteleza. Kiswahili cha jukwaani hakifai kinywani mwa mvuvi. Mwaloni watu huchanganya Kiswahili na Kisukuma, hukatizana maneno, na mara nyingi asemalo mtu silo alitakalo. Mdai akiingia hataji fedha. Huuliza hali ya watoto, kisha huketi bila kukaribishwa.

Mswada ukikamilika usomwe kwa sauti mbele ya wauza mapanki wenyewe. Pale watakapocheka pasipo na kichekesho, pafutwe, paandikwe upya.