Udongo wa Dandora Upimwe Kabla ya Kuchimbwa

Ndugu zangu wa Dandora, Korogocho, Kariobangi, Ngomongo na Babadogo,

Habari za mtambo wa kuchoma taka na kuzalisha umeme pale kwenye jaa la Dandora si ngeni kwetu. Uongozi wa Nairobi umezitangaza zaidi ya mara moja, kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ikatajwa kuwa mshirika, tukaambiwa megawati 45 zitapatikana. Wapo kati yetu waliofurahi, nao wana sababu. Jaa hili lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanaingia kila siku kumwaga taka juu ya taka. Anayeahidi kutuondolea moshi huu anastahili kusikilizwa. Lakini katika ahadi zote hizo sijasikia mtu akitueleza udongo utakaochimbwa msingi una nini ndani yake. Nawaandikia ili jibu hilo tulidai sote kwa pamoja, na tulidai kabla tingatinga halijafika.

Sumu ya pale si uvumi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri humu humu jijini, lilitoa ripoti ya utafiti uliofanywa kwa watoto wetu. Watoto 328 walichunguzwa. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha maikrogramu 10 kwa desilita au zaidi, kiwango ambacho wakati huo dunia nzima ilikiita cha sumu. Udongo wa jaani na wa kandokando yake nao ulipimwa: katika asilimia 42 ya sampuli, risasi ilizidi sehemu 400 kwa milioni, ilhali udongo usiochafuliwa huwa na kama 50 tu. Tangu hapo wataalamu wamezidi kuwa wakali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wale wa 2007 ni watu wazima sasa, na baadhi yao wanalea watoto wao katika mitaa ile ile.

Sote tunajua sumu hiyo ilitoka wapi. Ni betri za gari zilizopasuliwa, nyaya zilizochomwa ili shaba itoke, mikebe ya rangi, redio na kompyuta zilizovunjwavunjwa. Maganda ya ndizi huoza yakaisha. Risasi haiozi. Iliyotupwa mwaka 1980 ingali pale, chini ya iliyotupwa mwaka 1990 na ya mwaka jana. Ikifunikwa na kutulia, haisafiri mbali. Ikichimbuliwa Januari, jua likiwa kali na upepo ukivuma, inakuwa vumbi, nalo vumbi linaingia nyumbani kupitia dirishani, linatua kwenye sufuria, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sakafu anakotambaa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza, na inakokwenda kuharibu zaidi ni ubongo. Hapo ndipo darasa linapomshinda mtoto, naye mwalimu akadhani ni mvivu.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu wanalijua kuliko mhandisi yeyote. Pale palikuwa machimbo ya mawe. Taka zilimwagwa katika mashimo, bila chochote cha kuzuia maji meusi yanayochuruzika yasipenye kwenda chini na kwenda Mto Nairobi. Kina cha taka mahali hapa si kile cha mahali pale. Mlima wa taka kama huo ukichokolewa ovyo huporomoka. Machi 2017 jaa la Koshe huko Addis Ababa liliangukia nyumba za watu, zaidi ya 110 wakafa. Agosti 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala, na waliozikwa humo walizidi 30. Waliokufa walikuwa watu kama sisi, waliojenga palipobaki.

Kisha kuna jivu la mtambo wenyewe. Ukichoma tani nne za taka unabaki na karibu tani moja ya jivu, na lile jepesi linalonaswa kwenye bomba la moshi ndilo hubeba risasi, kadimiamu na sumu nyinginezo kwa wingi. Litapelekwa wapi? Kama jibu ni kwamba litarudishwa jaani, basi watuambie hivyo waziwazi.

Sisemi mtambo usijengwe. Nasema udongo upimwe kwanza, maji ya mto na ya visima yapimwe, viwanja vya shule vilivyo karibu vipimwe, na matokeo yasomwe mbele yetu kwa Kiswahili. Mkandarasi asiwe mpimaji peke yake. Kila sampuli ikichotwa igawanywe sehemu mbili, nusu ibaki kwa maabara ambayo wakazi wenyewe wataiteua. Sampuli zichukuliwe juu, mahali watoto wanapokanyaga, na chini kabisa, mahali msingi utakapofika. Wakikuta sumu, kazi ya kwanza iwe kuisafisha, nayo isilipiwe na sisi tuliovuta moshi wake miaka hamsini.

Sheria iko upande wetu, tukiitumia. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinaturuhusu kwenda mahakamani bila kusubiri mtu augue kwanza. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watakaoathiriwa, na notisi itolewe wiki moja kabla. Leseni ya mradi ikitolewa kinyume na kanuni hizo, tuna siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Mazingira. Mikutano hii mara nyingi hufanyika asubuhi ya siku ya kazi, wakahudhuria watu thelathini, orodha ikatiwa sahihi, na baadaye tunaambiwa umma ulishirikishwa. Safari hii tujae. Na kila atakayesema, ahakikishe maneno yake yameandikwa.

Tazameni mtaa wa Owino Uhuru, kule Jomvu, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kuandamana na kupima damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, ndiye aliyewaunganisha. Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Walishinda, lakini hesabuni miaka. Vipimo vyao vilikuja baada ya watoto kuumia. Sisi bado tuna nafasi ya kutanguliza vyetu.

Na tuna kitu ambacho hakimo katika maabara yoyote. Nyinyi mnaookota pale jaani, akina mama mliochambua plastiki tangu ujana, wazee mliokuwepo malori ya kwanza yalipoingia, mnakumbuka betri zilichomwa wapi, taka za hospitali zilimwagwa upande gani, shimo lipi lilikuwa refu kuliko yote. Tuchore ramani hiyo. Bila nyinyi wapimaji watachota palipo rahisi kufika, wakaandika kwamba hali si mbaya. Mkija, mje pia na swali la riziki yenu, kwa sababu mtambo unaochoma kila kitu utachoma na chupa na karatasi mnazouza, na jambo hilo lisiachwe lizungumzwe na watu wasiowahi kubeba gunia.

Tuanze na barua. Kila ploti itoe mtu mmoja, kila mtaa uwe na kikundi, majina yakusanywe makanisani, msikitini, sokoni na kwenye baraza la chifu. Barua iende NEMA na serikali ya kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi, ikiomba ripoti zote za vipimo vya ardhi ile, na kama hazipo, iombe hilo liandikwe na kutiwa sahihi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ikishapigwa muhuri wa kupokelewa, tuibandike kwenye kila duka la M-Pesa, ili kila jirani ajue siku ya 21 ni ipi na tutakutana wapi asubuhi yake.