Chupa haikuyeyuka

Mimina maji yanayochemka ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa. Itanywea na kujikunja papo hapo. Wengi wetu husema imeyeyuka, na hapo ndipo ninapobishana na wenzangu. Plastiki hiyo, PET, huyeyuka karibu na nyuzi 250. Maji huchemka kwenye 100. Ilichofanya ni kuvuka nyuzi 70 na kitu, minyororo ya molekuli zake ikaanza kusogea, nayo ikalegea. Wanafizikia wetu husema kwa Kifaransa transition vitreuse. Nimeona tafsiri ya "mpito wa kioo", na msomaji anafikiria dirisha. Mimi naandika "kulegea", basi.

Neno linalonikera zaidi ni "ugumu". Rafiki yangu wa kitivo cha sayansi aliniomba nitafsiri maelezo ya vipimo vya polima katika nanomita. Kifaransa chake kilikuwa na rigidité, dureté na résistance. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na ugumu, ugumu na ugumu.

Tazama kazi yenyewe. Hadubini ya nguvu za atomu, iliyobuniwa mwaka 1986, ina sindano yenye ncha ya nanomita chache. Sindano inabonyeza plastiki, kibao kinachoishikilia kinapinda, na mwali wa leza unaonyesha kimepinda kiasi gani. Ukipasha plastiki joto polepole, ukinzani wake dhidi ya kubonyezwa unaweza kushuka hata mara elfu. Je, sindano ikiondoka, shimo linabaki au linajirudi? "Ugumu umepungua" haijibu.

Mwaka 1994 Keddie, Jones na Cory walionyesha kwamba utando wa polistireni ulio mwembamba kuliko nanomita 40 hivi, juu ya silikoni, hufikia mpito huo kwenye joto la chini kuliko ule mnene. Lakini wao walipima upanukaji kwa mwanga, hawakubonyeza kitu. Kuuliza kama utando huo umelegea pia chini ya sindano ni swali zuri, ila kwa neno moja tu la ugumu haliulizwi vizuri.

Kwa hiyo nimeandika ukakamavu, ugumu na uimara, kwa mpangilio huo. Mhadhiri mmoja aliniambia ukakamavu ni wa askari. Sawa, mwalimu, lakini hata ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani hukakamaa.