Kompyuta ya Ghala Haioni Rafu

Ndugu wafanya kazi wa maduka ya Kisii na Nyamira,

Twaambiwa kwamba programu ya ghala itamaliza upungufu wa mali madukani. Hatuipingi. Keshia apitishapo pakiti ya chumvi kwenye mashine, kompyuta hupunguza moja. Hesabu ikishuka chini ya kiasi kilichowekwa, oda hutoka yenyewe, na lori hupakiwa Nairobi kuja Kisii, mwendo wa karibu kilomita 300.

Lakini kompyuta haina macho. Tuseme katoni ya chumvi imelowa katika mvua ya Aprili, ikatupwa bila kuandikwa. Kompyuta yaamini chumvi ipo, kwa hiyo haiagizi. Na kwa kuwa rafu ni tupu, hakuna kinachouzwa, basi hesabu haishuki kamwe. Mama aliyetoka Keroka arudi mikono mitupu, na anayefokewa ni mpanga rafu!

Dawa yake ni nyepesi. Kila asubuhi zihesabiwe bidhaa chache, hasa zile ambazo hazikuuzwa hata moja kwa siku kadhaa. Aliyehesabu apewe ruhusa ya kusahihisha siku ile ile. Mzigo uhesabiwe kabla ya kutia sahihi, hata dereva akiwa na haraka. Na kiasi cha kuagiza kisipangwe Nairobi peke yake. Sisi ndio tujuao jinsi unga na sukari vinavyokwisha Desemba, watu warudipo nyumbani.

Kazi hii yataka saa na watu. Mwajiri anayenunua mashine kisha akapunguza wahesabuji amenunua upofu.

Tena, upungufu usikatwe ovyo katika mishahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Hesabu mbovu ya mashine si kosa lako.

Wala tusidanganyike kwamba programu ni dawa ya kila ugonjwa. Rafu za Nakumatt zilibaki tupu mwaka 2017 kwa sababu walioleta mali hawakulipwa. Hakuna kompyuta iwezayo kulipa deni.

Basi, ndugu, mashine ikija dukani kwenu, ipokeeni, lakini daini nafasi ya kuisahihisha. Andikeni kila kasoro na tarehe yake, mkampe mwakilishi wenu.

Umoja ni nguvu.